Mnawachuja watoto wetu kwa mashine halafu mnasema Wazanzibari hawataki kazi za hoteli

Assalaam alaykum wanajamvi. Naandika nimekasirika na sitoficha.

Kila kikao cha utalii utamsikia mtu kashika maikrofoni anasema vijana wa Kizanzibari wavivu, hawajiamini, kazi zikitangazwa hawaombi, ndo maana hoteli zinachukua watu wa nje ya visiwa. Sasa nawauliza nyinyi ma-HR, maofisa wa kuajiri, mliomo humu, na najua mumo wengi, hao vijana wakiomba nani anayewasoma?

Mtoto wa dada yangu kamaliza diploma ya utalii, field kafanya hoteli moja upande wa Kiwengwa, Kiitaliano anazungumza mpaka wageni wenyewe wanamuuliza kakaa Italia miaka mingapi. Karudi kwao Wete, Pemba, anatafuta kazi. Likatoka tangazo, hoteli kubwa ya ufukweni Unguja inataka watu wa mapokezi, hakuna cha barua wala cha kwenda ofisini, ni linki tu.

Tukaifungua. Fomu inataka jina lako na jina la ukoo basi, na sisi huku mtu ana jina lake, la baba na la babu, ndivyo vyeti vyote vilivyoandikwa, ukiweka mawili inakuja rangi nyekundu inasema jina halilingani na cheti ulichopandisha. Ikataka jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi. Huku watu tunajulikana kwa shehia, yaani mtaa ulio chini ya sheha, barua ya sheha ndo inayokutambulisha kila pahala, lakini kwenye fomu shehia haina pa kuandikwa. Halafu ikataka linki ya LinkedIn, ule mtandao wa watu wa maofisini kujitangaza kikazi, na bila hiyo kitufe cha kuendelea hakibonyezeki! Kazi yenyewe kupokea mgeni, kumpa funguo na kumuelekeza chumba. Bando likaisha katikati tukanunua jengine, fomu ikaanza upya.

Tuseme umevuka hapo. CV yako haimfikii mtu, inaingia kwanza kwenye programu inayoikatakata maandishi na kuyalinganisha na maneno ya tangazo, wanaofanana sana wanapandishwa juu na wengine wanazikwa chini ambako HR hafiki hata siku moja. Ukiwa na CV yenye majaduwali na safu mbili mbili kama zile wanazotengeneza vijana stesheneri, nyengine programu inashindwa hata kuisoma vizuri. Na hili sio maneno yangu, mwaka 2021 Harvard Business School walitoa ripoti kuhusu Marekani, Uingereza na Ujerumani, waajiri asilimia 88 walikubali wenyewe kwamba mifumo hii inawatupa nje watu wenye sifa kwa sababu tu hawaendani sawasawa na vigezo vya tangazo. Asilimia 88! Wanajua na wanaendelea. Amazon nao walitengeneza chombo chao cha kupima CV, kikajifunza kutokana na CV za miaka ya nyuma ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, kikaanza kuwashusha wanawake, wakakitupa na mwaka 2018 Reuters wakaiandika habari nzima. Sasa kama Amazon na mainjinia wote wale walishindwa kukinyoosha, huyu meneja wa hoteli yetu aliyenunua mfumo kwa malipo ya mwezi anajua kilichomo ndani yake?

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 imekuwa balaa zaidi, maana mtu anaandikisha barua za maombi nyingi kwa siku moja zote zimejaa maneno yale yale ya tangazo, waajiri wanafurikiwa, wakifurikiwa wanakaza chujio, na anayebanwa ni yule aliyeandika barua yake mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kawaida akasema kweli tupu ya alichofanya.

Lakini kilichonichoma zaidi ni intavyuu. Baada ya corona 2020 mambo haya ya intavyuu za kwenye simu yalishika kasi, sawa, kuongea na mtu kwa video sina tatizo nalo, inamuokolea mtu wa Pemba nauli ya boti na pa kulala mjini. Hii haikuwa na mtu. Unafungua, swali linaandikwa kwenye kioo, unapewa sekunde za kufikiri, kisha saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma unajibu huku unajitizama mwenyewe. Tuliiegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya meza, mtoto kavaa vizuri, kajitanda mtandio wake wa kwendea harusini, kakaa wima. Swali la kwanza kajibu vizuri. La pili ndo limeanza, adhana ya alasiri ikatoka msikiti wa nyuma ya nyumba. Akanyamaza. Tumelelewa hivyo, adhana ikisomwa unanyamaza, na mimi mjomba wake nimesimama mlangoni nakiona kile kisaa kinapungua na yeye macho kayateremsha na mashine inamwandikia tizama kamera. Muadhini kamaliza na swali limefungwa. Hakuna kurudia. Akageuka akaniuliza, "Mjomba, kwani hakuna mtu wa kumwambia?"

Hakuna. Angekuwepo binadamu upande wa pili, awe Mzungu awe Mhindi awe nani, angesikia adhana angesubiri. Ni kisiwa cha Waislamu hichi, adhana mara tano kwa siku, hoteli yenyewe inaisikia.

Na usiku ule ule, ofisi zimefungwa, ikaja imeili, eti baada ya kutafakari kwa kina wameamua kuendelea na waombaji wengine. Nani katafakari? Saa ngapi? Mtoto kalia mpaka asubuhi, sasa anasema Kiingereza chake kibovu ndo maana, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia hivyo. Ukiandika kuuliza sababu, ile anwani haipokei majibu.

Huko mifumo inakotoka wenyewe wameanza kuifunga kamba. Jiji la New York tangu Julai 2023 mwajiri anayetumia mashine kuchuja watu lazima ikaguliwe kama haina upendeleo, na mwombaji lazima aambiwe kuwa inatumika. Umoja wa Ulaya katika sheria yao ya akili bandia ya 2024 wameiweka mifumo ya kuajiri katika kundi la hatari kubwa. Sisi sheria yetu ya ajira ni Na. 11 ya 2005, mwaka huo hata iPhone haijatoka. Kwa hiyo ya kwao wanayawekea mipaka, huku kwetu yanaachiwa, na wakubwa wetu wanaohutubia kuhusu ajira za vijana sijawasikia hata siku moja kuligusa hili.

Na msinambie mfumo umeondoa kujuana. Nilifurahi mwanzo nikidhani hivyo, maana bahasha za khaki tulizokuwa tukizipeleka mlangoni zilikuwa zinaishia kwa mlinzi huku mtoto wa fulani kashaingia. Kujuana kupo pale pale. Mwenye mtu wake ndani anapigiwa simu anaambiwa njoo jumatatu, fomu anakuja kuijaza baadae kutimiza taratibu. Linki ni ya yule asiyekuwa na mtu.

Akipata sasa, anapata kwa wakala anayezipelekea hoteli wafanyakazi. Mkataba wa wakala, sare ya hoteli, masika ikifika wageni wakapungua anaambiwa mkataba umeisha, akienda hoteli wanamwambia wewe si wetu, akienda kwa wakala anaambiwa hoteli ndo imekurudisha. Michango ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, akiiulizia kila mmoja anamuonesha mwenzake. Hilo lina uzi wake, nitaufungua nikipoa.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kama mnatumia mashine semeni kwenye tangazo. Mtoto akikosa, mtu mwenye jina amwandikie mstari mmoja wa kwa nini. Fomu iwe na shehia na majina matatu. Na siku mkisimama kwenye vikao kusema Wazanzibari hawakuomba, njooni na idadi ya walioomba wakakatwa kabla binadamu hajafungua CV zao, mfumo wenu unaihifadhi hiyo, msiseme haipo.

Mwenye kujua hoteli inayopokea CV kwa mkono na kuita watu intavyuu uso kwa uso, iwe Nungwi, Paje, Matemwe au hapa hapa Pemba, aiandike chini. Mtoto yuko tayari kuvuka na boti ya kwanza.