Ushauri: jaribio la maili moja kwa muda, nikimbilie ndani ya jimu au nje kwenye upepo na theluji?

Mtoto wa Mbulu

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila kwangu limebeba ajira. Nina umri wa miaka 36, mzaliwa wa Mbulu, na kwa sasa ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako nimeomba kazi ya ulinzi. Usaili nimepita, uchunguzi wa afya nimepita, na kilichobaki ni kukimbia maili moja, yaani mita 1,609 na kidogo, kwa muda usiozidi dakika 7. Anayeshindwa harudii mpaka ipite miezi sita.

Mwajiri ametupa uhuru wa kuchagua mara moja tu. Chaguo la kwanza ni Alhamisi jioni ndani ya jimu, kwenye njia ndogo ya kukimbilia iliyo ghorofani, inayozunguka juu ya uwanja wa mpira wa kikapu. Chaguo la pili ni Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule wenye mzunguko wa mita 400. Sasa ni katikati ya Machi, na utabiri wa Jumamosi unataja nyuzi joto 1, theluji iliyochanganyika na mvua, na upepo wa kilomita 30 kwa saa.

Kinachonichanganya ni hiki. Mwezi Oktoba nilikimbia maili moja kando ya Ziwa Nokomis, na saa yangu ya mkononi ikaonyesha dakika 6 na sekunde 52. Wiki iliyopita nimekimbia katika jimu hiyohiyo ya jaribio, mizunguko 11 kama walivyonielekeza mapokezi, nikapata dakika 7 na sekunde 31. Mazoezi sikuacha, uzito haukuongezeka, na nilimaliza nikihema vilevile nilivyohema Oktoba. Je, kukimbilia ndani kunapunguza kasi kiasi hicho? Kama ndivyo, ni heri nikapambane na upepo.

Fundi Baiskeli

Ndugu, usiuchukulie upepo kwa mazoea ya nyumbani. Wengi husema kwamba uwanja ni wa duara, kwa hiyo kile unachopoteza ukiukabili upepo utakirudisha ukiupa mgongo. Hesabu haikubali, kwa sababu ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Mtu anayemaliza maili kwa dakika 7 anakwenda karibu kilomita 13.8 kwa saa. Akielekea kwenye upepo wa kilomita 30, kifua chake kinapokea hewa inayokuja kwa kilomita 44 hivi, na ukinzani huo ni takribani mara kumi ya ule wa siku tulivu. Akigeuka, upepo unamsukuma kwa tofauti ya kilomita 16 tu, msukumo usiofika hata mara moja na nusu ya ukinzani wa siku tulivu. Deni ni kubwa, malipo ni kiduchu, na utakopa hivyo mara nne katika mizunguko minne.

Hata Roger Bannister, siku aliyokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4 pale Oxford, tarehe 6 Mei 1954, alikaribia kuahirisha kwa sababu ya upepo. Alikuwa akitazama bendera iliyokuwa juu ya kanisa karibu na uwanja, na ilipotulia ndipo akaamua. Alipata 3:59.4, tena akiwa na wenzake wawili, Brasher na Chataway, waliopokezana kumtangulia na kumkingia hewa. Wewe Jumamosi utakingiwa na nani?

Dada wa Iten

Mimi niko upande wa nje, na naomba nisikilizwe kabla ya kupigwa mawe. Njia za jimu zina kona kali mno. Unapokimbia mzunguko mfupi kama huo, hujatoka vizuri kwenye kona moja tayari unaingia nyingine, na mguu wa nje unafanya kazi ya ziada muda wote. Si maneno ya mitaani: NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya Marekani, hurekebisha muda wa wanariadha waliokimbia kwenye viwanja vya ndani vilivyo tambarare ili walinganishwe kwa haki na waliokimbia kwenye viwanja ambavyo kona zake zimeinuliwa.

Nikiri jambo moja hata hivyo. Uwanja wa ndani ukijengwa vizuri, wenye mita 200 na kona zilizoinuliwa, hasara ni ndogo sana. Rekodi ya maili ya nje ni 3:43.13 ya Hicham El Guerrouj, aliyoiweka Roma mwaka 1999, na ile ya ndani ni 3:45.14 ya Jakob Ingebrigtsen, aliyoiweka Liévin, Ufaransa, mwaka 2025. Ni sekunde mbili tu. Lakini njia ya ghorofani juu ya wacheza kikapu si Liévin, ndugu yangu.

Msafiri wa Toronto

Kwa heshima zote dada, inaonekana hujawahi kukimbia kwenye barafu isiyoonekana. Mimi nilianguka mwaka wangu wa pili Kanada, asubuhi, chini ya nguzo ya taa, mahali ambapo lami ilionekana imelowa tu. Haikuwa maji. Nilitua kwa kiwiko, na hadi leo mkono huo haunyooki sawasawa. Viwanja vya shule vina hila yao wakati wa mwezi wa tatu: theluji iliyorundikwa katikati huyeyuka mchana, maji yanatiririka hadi njia ya kwanza, na usiku yanaganda papo hapo, kwenye njia ileile ambayo mtu wa kupimwa muda anatakiwa kuikimbilia. Ukihamia njia ya pili kukwepa, kila mzunguko unaongeza mita 7 na nusu, na kwa mizunguko minne ni mita 30, ambazo kwa kasi yako ni sekunde 8.

Kijana wa Sinza

Kwa nini usiwaombe wakupime kwenye mashine ya kukimbilia? Unaweka kasi, unafuata, basi.

Mwalimu wa Michezo

Mashine haifai hapa, Kijana wa Sinza. Haikupi ukinzani wowote wa hewa, ndiyo maana wengi huiinua asilimia moja ili kazi ilingane na ile ya nje, na mashine nyingi za jimu hazijapimwa tangu ziliponunuliwa. Mwajiri makini hawezi kuikubali.

Nirudi kwa mwenye uzi, kwa sababu kuna jambo ambalo wachangiaji wote wamelipita. Umeandika kwamba ulikimbia mizunguko 11 kama walivyokuelekeza mapokezi. Naomba unijibu maswali mawili. Ulikimbilia njia gani: ya ndani kabisa, ya kati, au ya nje? Na je, pale ukutani hapana kibao kinachotaja idadi ya mizunguko kwa maili?

Nauliza kwa sababu njia hizi za jimu ni fupi, na kadiri mzunguko unavyokuwa mfupi ndivyo makosa ya njia yanavyozaliana. Ukisogea nje kwa mita moja, kila mzunguko unaongeza zaidi ya mita 6. Uwanjani utalipa kosa hilo mara nne; jimu utalilipa mara kumi au zaidi.

Mtoto wa Mbulu

Mwalimu, shikamoo. Nilikimbilia njia ya nje. Kuna tangazo linalosema watembeaji wakae ndani na wakimbiaji wakae nje, nami nikatii. Kibao kipo karibu na ngazi lakini sikukisoma, kwa kuwa mapokezi walishaniambia ni 11.

Mwalimu wa Michezo

Marahaba. Nenda kakisome kabla hatujaendelea, na usikimbie leo.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Wakati tunasubiri kibao, niseme kuhusu kifua, maana mimi ni muuguzi na nimeyaona haya. Baridi yenyewe haigandishi mapafu kama watu wanavyoogopa. Tatizo ni ukavu: hewa ya baridi haina unyevu, na mtu anayehema kwa nguvu hutumia mdomo, kwa hiyo njia za hewa zinakauka na kusinyaa. Mwenye pumu huanza kukoroma kifuani, na hata asiye na pumu anaweza kubanwa. Usidhani kwamba ndani utapona kabisa, kwani hewa ya jimu wakati wa majira ya baridi imepashwa moto na ni kavu vilevile, na wakimbiaji wengi wa ndani hukohoa saa nzima baada ya kumaliza. Kikohozi hicho kwa kawaida hupita chenyewe. Ukisikia mluzi kifuani au ukashindwa kumaliza sentensi, hilo si la kupuuza, muone daktari kabla ya siku ya jaribio.

Popote utakapokimbilia, pasha mwili moto kwa dakika 15, ukianza kwa mwendo wa taratibu na kumalizia kwa mbio fupi tatu au nne za kasi. Maili moja ni fupi mno kwa mtu kupashia mwili ndani yake.

Mtoto wa Mbulu

Nimerudi kutoka jimu na nina aibu kidogo. Kibao kinasomeka hivi: njia ya ndani mizunguko 11 kwa maili, njia ya nje mizunguko 10 kwa maili. Kwa hiyo nilikimbia mizunguko ya njia ya ndani nikiwa kwenye njia ya nje.

Mwalimu wa Michezo

Basi hukukimbia maili moja. Ulikimbia maili moja na sehemu moja ya kumi, mita 160 za bure. Dakika 7 na sekunde 31 ni sekunde 451. Zigawe kwa 1.1 unapata 410, yaani dakika 6 na sekunde 50. Ulikuwa unahema kama Oktoba kwa sababu ulikuwa unakimbia kama Oktoba.

Nayo ile 6:52 ya ziwani usiikumbatie sana. Saa ya mkononi inayotegemea setilaiti ikikosea asilimia moja tu, hizo ni mita 16, sekunde 4 hivi. Ndani ni mbaya zaidi, kwa kuwa haioni setilaiti na inakisia umbali kwa jinsi unavyorusha mikono. Siku ya jaribio itumie kupima muda tu.

Ushauri wangu ni Alhamisi, ndani, kwa masharti. Mwandikie msimamizi leo, kwa maandishi na kwa adabu, umuulize ni njia ipi itakayotumika, mizunguko mingapi, nani atahesabu, na kama watembeaji wataondolewa wakati wa jaribio. Akisema njia ya nje, mizunguko 10, hesabu yako ni nyepesi: dakika 7 ni sekunde 420, kwa hiyo kila mzunguko ni sekunde 42. Akisema njia ya ndani, mizunguko 11, kila mmoja ni sekunde 38 na kidogo. Ukiweza kuchagua, chagua ya nje, kwa sababu kona zake si kali sana. Hapo Dada wa Iten amesema kweli.

Kosa kubwa la ndani ni kuanza kwa kasi. Kelele za watu, ukuta unaopita karibu na bega, vyote vinakudanganya kwamba unaruka. Sote tunajivunia Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0, kule Kingston, Jamaika, mwaka 1975, na ambaye tangu mlio wa bastola alikuwa hana mtu mbele yake. Ila yeye alikuwa Bayi. Wewe mizunguko miwili ya kwanza ipite kwa sekunde 42 kila mmoja, hata kama unajiona unachelewa, kisha uanze kuiba sekunde moja moja kuanzia wa tano.

Dada wa Iten

Nimekubali kuhusu Jumamosi. Nyongeza moja: kimbia karibu na mstari wa ndani wa njia yako, sentimita 30 hivi. Ukimpita mtu, mpite kwenye sehemu iliyonyooka, kamwe usimpite kwenye kona.

Mtoto wa Mbulu

MREJESHO. Msimamizi alinijibu siku hiyohiyo: njia ya nje, mizunguko 10, yeye mwenyewe atahesabu kwa karatasi na kalamu, na njia itafungwa kwa nusu saa. Tulikuwa wanne. Mmoja alitoka kama swala, akanitangulia nusu mzunguko, na kwenye mzunguko wa saba nilimkuta ameshika kiuno. Mimi wa kwanza nilipita kwa sekunde 41, wa pili 42, na nilipofika wa tisa miguu ilikuwa kama ya kukopa, lakini msimamizi alikuwa akitaja idadi kwa sauti kila nilipopita ngazi, na sauti hiyo ilinisaidia kuliko kitu chochote. Nimemaliza kwa dakika 6 na sekunde 47. Nimekohoa hadi nikafika nyumbani, kama Muuguzi alivyotabiri, na asubuhi kilikuwa kimeisha.

Jumamosi niliamka mapema nikachungulia dirishani. Jua lilikuwa limetoka, mbingu nyeupe pee, na bendera ya jirani imelala kwenye mlingoti wake.

Msafiri wa Toronto

Hongera sana. Na chini ya bendera, barafu ilikuwepo?

Mtoto wa Mbulu

Ilikuwepo. Jirani mwenyewe alikuwa anaimwagia chumvi.