Eti Marekani Mungu kafukuzwa shuleni, kweli hii?

kijana_wa_ngamiani: Wakuu salaam, jana jioni hapa Ngamiani kwenye kahawa kumezuka ubishi mpaka muuzaji akasahau kukusanya vikombe. Mzee mmoja kashikilia kwamba Marekani katiba imepiga marufuku sala shuleni, ukikutwa unatimuliwa. Jamaa mwingine akachomoa noti ya dola moja (sijui kaitoa wapi na hali hii) eti soma hapa, wanamtumainia Mungu. Nani mkweli? Maana mi shule ya msingi kipindi cha dini kilikuwepo kwenye ratiba, kengele ikilia ostadhi huku, katekista kule, maisha yanaendelea.

mwl_mstaafu: Mdogo wangu, kila mmoja kapatia nusu. Marekebisho ya kwanza ya katiba yao, 1791, yanasema Bunge lisitunge sheria ya kuanzisha dini wala kuzuia watu kuabudu, shule hata haijatajwa. Mambo yakaja 1962, kesi ya Engel v. Vitale, bodi ya elimu ya jimbo la New York ilikuwa imetunga sala ya maneno 22 isomwe asubuhi darasani, wazazi wakashtaki, Mahakama ya Juu ikasema kutunga sala siyo kazi ya serikali. Mwaka uliofuata ikakatazwa na ibada ya kusoma Biblia. Ila mtoto akijiombea mwenyewe kabla ya mtihani wa hesabu hakuna wa kumgusa. Na huyo ostadhi wako, dua aliandikiwa na wizara?

kijana_wa_ngamiani: Hapana aisee, alikuja nazo kichwani. Na noti je?

mwl_mstaafu: Ile ni kaulimbiu ya taifa tangu 1956, wakati wanatunishiana misuli na Warusi wasioamini Mungu. Waasisi hawakuiweka kwenye katiba.

binti_raskazone: Mwalimu shikamoo, ila usiwafanye waasisi kama hawakuijali dini. 1787 Bunge lao lilipitisha sheria ya maeneo mapya kaskazini ya mto Ohio, humo wameandika kabisa kwamba dini, maadili na elimu vinahitajika kwa utawala bora kwa hiyo shule zihimizwe daima. Walitaka dini iwepo, ila madhehebu yalikuwa mengi, nani angekubali la mwenzie lishike serikali?

mwl_mstaafu: Marahaba binti, hapo umenishika.

mtu_wa_pangani: Na 2022 yule kocha wa shule ya serikali huko Bremerton, Marekani, aliyekuwa anapiga goti uwanjani kuomba baada ya mechi si alishinda kesi Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3. Mwambieni mzee wa kahawa.

kijana_wa_ngamiani: Namwambia leo baada ya magharibi. Akibisha tena kashata analipa yeye.