Msaada: Nitunzeje sauti na picha za familia ili vitukuu waweze kuzifungua?

Mtunza_Kumbukumbu

Wakuu, habari zenu.

Familia imenikabidhi kazi ya kutunza kumbukumbu zetu. Kuna sauti za marehemu babu akisimulia ujana wake, zilizorekodiwa kwa simu za batani (faili za AMR), video za 3GP, picha za kuskani, DVD za harusi, na barua zilizoandikwa kwa programu ambazo vijana wa leo hata majina yake hawayajui.

Naomba ushauri. Kifaa gani kinadumu kuliko vyote: DVD, flashi au diski ya nje? Au nipandishe kila kitu mtandaoni niachane na vifaa? Na hizi faili za kizamani, nizigeuze au niziache kama zilivyo?

FundiDiski

Mkuu, hilo swali la kifaa ndilo linalopoteza wengi. Hakuna kifaa cha kufungia kabatini ukakisahau miaka 50. Flashi hushikilia data kwa chaji ya umeme, na ikikaa miaka bila kuchomekwa chaji hiyo huvuja. DVD za kuchoma mwenyewe, rangi inayobeba data huchakaa. Diski ya kuzunguka nayo siku moja itagoma kuzunguka.

Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Moto au mwizi hachagui. Kisha hamishia kwenye kifaa kipya kila baada ya miaka michache, kabla cha zamani hakijaanza kusumbua.

pwani_moja

Mimi vyote viko Google. Sina presha.

FundiDiski

@pwani_moja presha wataipata watakaobaki. Google wana sera kwamba akaunti binafsi isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Ingia kwenye mipangilio, kuna sehemu ya kuteua mtu wa kupewa data akaunti ikikaa kimya. Na hata ukiwa hai, kampuni nayo inaweza kuteleza: mwaka 2019 Myspace, mtandao wa kijamii uliowahi kuvuma, walikiri kwamba muziki uliopandishwa kwao kabla ya 2016 umepotea wakati wa kuhamisha seva. Mtandaoni iwe nakala mojawapo, isiwe pekee.

Mhifadhi Nyaraka

Niongezee kwa Mtunza, maana kazi yangu ni hii hii. Kifaa kinaweza kupona na bado usisome kitu, kwa sababu mashine ya kukisoma imetoweka. Mwaka 1966 na 1967 NASA walituma vyombo vya Lunar Orbiter kupiga picha za Mwezi, na kanda zenye picha hizo zikatunzwa. Ila zilisomwa na mashine aina ya Ampex FR-900, kubwa kama kabati, na baadaye hakuna aliyekuwa akizitengeneza tena. Mhifadhi mmoja, Nancy Evans, alikataa kanda kutupwa, kisha akazipata mashine chache mbovu na kuziweka kwenye gereji ya nyumbani kwake kwa miaka mingi. Hizo ndizo zilizofufuliwa, na mwaka 2008 picha ya Dunia ikichomoza juu ya upeo wa Mwezi ikatolewa upya, safi kuliko ile iliyoonekana 1966. Mama yule angechoka mapema, kanda zingebaki mapambo.

Kwa hiyo kuhusu faili zako: geuza, lakini ya asili usiifute. AMR tengenezea nakala ya WAV. Sauti haitakuwa nzuri zaidi, kwa sababu simu zile zilichukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde na kilichoachwa pale hakirudi. Faida ni kwamba WAV karibu kila programu inaifungua. Barua zijaribu kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua aina nyingi za zamani, kisha hifadhi kama PDF/A, ambayo tangu 2005 ni kiwango cha kimataifa kilichowekwa mahususi kwa utunzaji wa muda mrefu. Fonti zinabebwa ndani ya faili yenyewe.

binti_wa_sauti

Naona mmekazania mashine tu. Vitukuu watafungua IMG_0047, wataona watu wanne mlangoni, halafu? Mtunza, kaa na wazee wangali hai, muulize kila picha ni nani, wapi, mwaka gani. Ipe faili jina linalojieleza, mfano 1987_harusi-ya-shangazi_mlangoni.tif, na maelezo marefu yaweke kwenye faili ya maandishi matupu, folda hiyo hiyo. Usipojua mwaka andika "kama 1987", usibuni.

Halafu usikusanye picha za ndugu kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inazibana na kuondoa tarehe ya kupigwa. Waambie watume kama dokumenti.

chizi_karatasi

Chapisheni kwenye karatasi jamani, haihitaji chaja 😂

Mhifadhi Nyaraka

@chizi_karatasi unacheka lakini picha 20 au 30 bora zichapishwe kweli. Sauti ya babu ndiyo utaichapishaje?

Mtunza_Kumbukumbu

Ahsanteni sana wakuu. Mawili tu: nitajuaje kama nakala imeharibika kimyakimya? Na diski niifunge kwa nenosiri?

FundiDiski

La kwanza: tumia programu ya kukokotoa msimbo wa SHA-256 wa kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole ya faili hiyo, uhifadhi orodha yake pamoja na nakala. Mara moja kwa mwaka kokotoa tena. Hata biti moja ikigeuka, msimbo hubadilika kabisa, nawe unachukua faili nzima kutoka nakala nyingine.

La pili, kwa picha za harusi sioni haja. Ukifunga, nenosiri lijulikane na mtu mwingine mdogo kwako kwa umri, vinginevyo umewazikia wenzako hazina.

binti_wa_sauti

Mteue kabisa huyo mtu sasa, mpwa au binti anayependa habari za ukoo, na yeye ndiye akae na nakala ya mbali.

Mtunza_Kumbukumbu

Yupo mpwa wangu, anafaa. Wikendi hii naanza na zile DVD.

FundiDiski

Sawa. Kama kompyuta yako haina sehemu ya DVD, tafuta kisomaji cha nje cha USB. Na ikikwama kwenye DVD moja usilazimishe, ifute vumbi kuanzia katikati kwenda ukingoni, ujaribu kisomaji kingine.