Kulamba kidole ukasugue dekali ya mwenzako: ukaguzi gani huo?

Hasira_Za_Saturn (mleta uzi)
Wakuu, leo sina salamu. Mkiona herufi zimerukwa mjue mikono inatetemeka.

Yule bwana. Simtaji, na wala hakuna haja. Yule wa kalipa, kile kipimo cha unene, shingoni, anayepima mapezi ya roketi za mfano za wenzake bila kuombwa, ila roketi zake mwenyewe ziko kwenye praima, rangi ya kwanza tu, tangu dunia iumbwe. Haya, mmeshamjua.

Nimepeleka Saturn V yangu, mfano wa ile roketi ya mwezini, kwenye meza ya maonyesho. Dekali zote, zile picha nyembamba za kubandika, nimechora mwenyewe kwenye kompyuta, zile herufi nyekundu za UNITED STATES zinazosimama wima, moja baada ya nyingine. Nikachapa kwenye karatasi ya dekali za maji, nikakata kwa wembe mpya, nikaloweka, nikasubiri filamu iachie yenyewe, nikaitelezesha kwa brashi, nikanyonya maji kwa kona ya tishu. Pumzi nilikuwa naazima. Kiputo cha hewa hakuna hata cha dawa. Watu wanapita wanauliza, "Hizi umenunua wapi?" Umenunua wapi! Nilikuwa nimebakiza kidogo nipae kabla ya roketi.

Ndipo akaja. Salamu hakuna. Akavua miwani, akainama, akakilamba kidole gumba. Wakuu, alikilamba chote, taratibu, kama karani anayejiandaa kuhesabu noti. Halafu akasugua ile T ya mwisho.

AKASUGUA.

T ikaondoka. Ingeondoka kistaarabu ningesamehe, lakini iliburuzwa hadi kwenye E, wekundu ukachuruzika kwenye ule weupe niliopiga msasa hadi alama za vidole vyangu zikafutika. Sasa roketi yangu inasomeka UNITED STA ES. Yeye akakitazama kidole chake chekundu, akajipangusa KWENYE PEZI LANGU, akasema mbele ya watoto, "Hii si dekali, hii ni stika iliyonyeshewa." Akaenda zake kupima ya mwingine.

Ushauri wa kiufundi sitaki. Nauliza tu: mtu mzima, akili timamu, unapeleka mate kwenye roketi ya mtu? Ikiruka inapanda na mate yake. Parachuti ikifunguka inashuka na mate yake. Alilamba KABISA, jamani.

Mapezi_Manne
Pole mkuu. Swali dogo tu: ulichapa kwa printa ya wino au ya leza?

Hasira_Za_Saturn
Hilo na mate vinahusiana nini?

Mapezi_Manne
Basi ni ya wino.

Bi_Parachuti
Hahaha jamani nimecheka hadi nimeamsha watu. Na vanishi ulipuliza?

Hasira_Za_Saturn
Dada, vanishi ilikuwepo ya kutosha kwa watu wastaarabu. Haikutengenezwa kwa ajili ya wanaolamba.

Fundi_Kimya
Mleta uzi, punguza povu usikie. Wino wa printa nyingi za kawaida unakimbia ukikutana na maji. Karatasi ikitoka kwenye printa inaachwa ikauke vizuri, halafu unapuliza vanishi ya akriliki mikono miwili mitatu, myepesi, ukisubiri kila mmoja ukauke. Hapo ndipo unakata na kuloweka. Ukiparamia na mkono mzito mara ya kwanza, wino unatapakaa palepale karatasini bila msaada wa mate ya mtu. Ikishakaa kwenye roketi na kukauka, unafunika tena. Tona ya leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto, maji haiyaogopi. Yule angelamba hadi ulimi ukauke, T ingebaki.

Hasira_Za_Saturn
Nilisema ushauri wa kiufundi sitaki. Kuna mtu amesoma kweli sehemu ya KUJIPANGUSA KWENYE PEZI?

Leza_Tu
Leza oyeee.

Wino_Damu
Leza gani, hiyo inayoacha mistarimistari ukiipa eneo kubwa jeusi? Kaa kimya. Kuna mmoja humu humu alinishauri nipitishe karatasi ya dekali ya wino kwenye leza ya ofisini, eti "zote ni karatasi tu". Filamu ikayeyuka, ikajizungusha kwenye rola ya moto. Hadi leo nikiingia ofisini watu wanaficha printa. Na mimi pia simtaji.

Leza_Tu
Mbona unaniangalia.

Bi_Parachuti
Tukianza ya kutotajana hatulali. Yupo aliyeniazima kichupa cha Micro Sol, ile dawa ya kulainisha dekali ilale kwenye mikunjo. Alinirudishia kimejaa pomoni. Mimi huyo, nikamwombea baraka. Kumbe maji ya bomba! Nimepaka dekali juu ya ile sehemu ya mabatibati ya roketi, nikasubiri ilale. Ikakaa juu ya matuta imekakamaa, chini yake hewa tupu, inang'aa weupeweupe kila ukiigeuza. Huyo mwenye mate angalau alitoa cha kwake mwenyewe.

Mapezi_Manne
Na mwenye ALPS je? Printa zenyewe hazitengenezwi tena, ila zinachapa nyeupe ya kweli. Hizi zetu nyeupe yake ni kuacha karatasi wazi, ukiweka kwenye karatasi angavu na roketi nyeusi, namba hazionekani. Jamaa kaniahidi kunichapia namba nyeupe. Kila nikimtafuta, "utepe wa wino umeisha". Lakini roketi zake zote zina namba nyeupe mpya. Utepe unaisha kwangu tu.

Fundi_Kimya
Chapa kwenye karatasi nyeupe, jaza rangi ya mwili wa roketi kuzunguka namba.

Mapezi_Manne
Nilijaribu. Nyeusi ya printa na nyeusi ya kopo la kupuliza ni ndugu wasiosalimiana.

Hasira_Za_Saturn
Wakuu, uzi huu ni wa KIDOLE. Gumba. Mate. Nimeweka na picha.

Mnyoo_1975
Picha nimeikuza. Hiyo T tuiache kwanza. Mkuu, kwa nini Saturn V yako ina nembo ya NASA ya mnyoo, ile ya herufi nyekundu zilizopindapinda? Mnyoo ulianza 1975. Saturn V ya mwisho iliruka Mei 1973 ikikipeleka kituo cha anga cha Skylab.

Hasira_Za_Saturn
Ni mapambo.

Mnyoo_1975
Mapambo! Watu wamefika mwezini na nembo ya duara la bluu ya 1959, wewe unawabandika mnyoo kwa nguvu. Nimempata kosa yule bwana wa kalipa: alisugua mahali pasipo.

Bi_Parachuti
Mnyoo ni mzuri kuliko hilo duara, tuseme ukweli. Wameuondoa 1992, 2020 wakaurudisha wenyewe.

Mnyoo_1975
Uzuri sibishi, jina langu unaliona. Nabishia mwaka. Kila mtu hapa anachapa nembo kwa sababu "inapendeza". Juzi nimeona V-2, lile kombora la Wajerumani la vita vya pili, ina bendera ya Marekani na ua.

Wino_Damu
V-2 zilirushwa Marekani baada ya vita, mzee.

Mnyoo_1975
Na ua?

Wino_Damu
Ua sina utetezi.

Hasira_Za_Saturn
Modereta, mtu akifungua uzi wake kuna kinga yoyote?

Mgeni_Rampu
Samahani wakuu, ni mgeni. Roketi yangu ni nyeusi, natafuta karatasi nyeupe ya dekali za maji, ya leza. Nani anayo?

Leza_Tu
Njoo faragha nikuelekeze.

Wino_Damu
MGENI USIENDE.