Kioo chenye ufa cha Billy Wilder

Nimeirudia The Apartment (1960), filamu ya Wilder aliyoiandika pamoja na I.A.L. Diamond. Baxter, karani anayewaazima wakubwa wake nyumba ya kukutana na wapenzi, anafungua kikioo cha Fran, msichana anayempenda, kina ufa kama kile alichokikuta nyumbani, na papo hapo anajua bosi wake Sheldrake humleta nani kwenye nyumba hiyo. Hakuna anayemweleza! Nyinyi mnapenda wapi?

— Ufunguo. Sheldrake anadai wa nyumba, Baxter anampa wa choo cha wakubwa. Kaacha kazi bila hotuba.

— Mimi mwisho. Baxter anatamka mapenzi, Fran anamwambia anyamaze agawe karata. Busu hakuna.

— Sheldrake mbona mwepesi kidogo? Mwovu tu.

— Mwepesi? Anampa Fran, mpenzi wake, dola 100 za Krismasi! Noti ile inatosha kumwanika mtu mzima mzima.