Kadi zilizogandana: shindano la tahajia lirudiwe, au mtoto anyang'anywe begi?

MAMA CHEREHANI, MWANJELWA

Wadau, poleni na baridi. Nina jambo linanikaba, naomba tulijadili bila kutaja shule.

Jumamosi iliyopita shule tano za huku kwetu Mbeya zilishindanisha watoto wa darasa la tano kuendeleza maneno ya Kiswahili. Si imla ya kuandika. Mtoto anasimama mbele, msomaji anasoma neno mara mbili, mtoto analitaja herufi kwa herufi. Zawadi ya kwanza ni begi jipya limejaa madaftari. Maneno ya fainali yaliandikwa kwenye kadi, na wazazi tukahakikishiwa kwamba hakuna mtoto aliyeyaona. Msomaji alikuwa mwalimu wa shule mwenyeji. Hapo ndipo tulipolala, wote tuliokaa mle ukumbini.

Wakabaki wawili, binti yangu na mvulana wa shule mwenyeji. Msomaji akamsomea mvulana: "Ghadhabu." Mtoto akavuta pumzi, akaanza: t, a, a, d, h, i, m, a. Taadhima! Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji akasema mtoto ana woga, asomewe tena. Akasomewa, akaitaja ghadhabu bila kosa.

Ikaja zamu ya binti. Msomaji akawa anapekua kadi alizokwisha kuzisoma, nikamwona analamba kidole, anabandua moja iliyokuwa imegandana nyuma ya nyingine. Akaisoma: "Taadhima."

Binti akamtazama. Mikono nyuma, kwa adabu kabisa, akasema: "Samahani mwalimu, hilo mwenzangu ameshaliendeleza." Akajibiwa: "Jibu neno, usijadili." Akaanza t, a, akakwama, machozi yakamtangulia. Akatolewa. Begi likaenda kwa mwenyeji, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Kwenye bajaji ya kurudi, tumefika Kabwe, akaniuliza: "Mama, alijuaje kama taadhima ndiyo inafuata?"

Kama angetaja thamani badala ya samani, ningesema kasikia vibaya. Sisi wenyewe watu wazima hapo tunajikwaa, na wengine l na r bado zinatupiga chenga uzeeni. Lakini ghadhabu na taadhima zinakutana wapi? Mtoto yule alikaririshwa orodha kwa mpangilio wake, kadi moja ikaruka, yeye hakuruka nayo.

Msimamo wangu: begi abaki nalo. Hakujipa orodha. Shindano lirudiwe na msomaji kutoka nje ya shule zote tano, na aliyetoa maneno asiguse tena shughuli ya watoto. Mwaka 2022 Necta, baraza la mitihani la taifa, ilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba kwa udanganyifu na kufungia vituo 24. Watoto wakalia, lakini Desemba hiyohiyo wakapewa mtihani mwingine. Kama mtihani wa taifa uliweza kurudiwa kwa hao, maneno ishirini ya kwenye kadi yanashindikana nini? Nakosea wapi?

MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Mama, pole sana. Binti yako ana masikio.

Ila usimtwike mwalimu mzigo wote. Nimeshika chaki tangu ujana wangu mpaka nywele zikaisha. Mzazi akija kutafuta nafasi, kitu cha kwanza anachokitazama ofisini ni kabati la makombe. Hakuulizi mtoto wake atakaa dawati moja na wangapi. Mwalimu naye anaitwa, anaulizwa kwa nini jirani wameshinda. Simtetei, nakueleza anapikwa na moto gani.

La pili, na hapa tutagombana. Mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu. Angeshuka, akamnong'oneza mwalimu wake, naye akaenda kwa jaji. Ukimzoesha kusimama na kusahihisha wakubwa hadharani, nyumbani utamweza?

WA MAFINGA

Begi lirudi. Mtoto wa darasa la tano anajua kuibia ni nini, tusimfanye kichanga. Mwaka 1983 kwenye shindano la taifa la tahajia huko Marekani, mvulana wa miaka 13 alikosea neno, majaji wakasikia vibaya wakampitisha. Akawafuata mwenyewe akawaambia nimekosea. Wakamtoa. Huyu wa kwenu naye alikuwa na mdomo.

KAMWENE, IRINGA

Kamwene wote. Mzee wa Tukuyu, shikamoo, lakini kwa hilo la kunong'ona sikubali. Oktoba 2022 binti mmoja wa darasa la saba mkoani Pwani alisema kwenye video kwamba kabadilishiwa namba yake ya mtihani, kapewa ya mwenzake. Necta ikachunguza, ikakuta ni kweli. Angemnong'oneza nani pale shuleni, wakati wakubwa wa kunong'onezwa ndio haohao?

Kwa upande wa kadi, dawa ni rahisi. Huku kwetu tuliwahi kuzitia zote kwenye ndoo, mtoto anaingiza mkono mwenyewe, anampa msomaji bila kuitazama. Aliyekariri orodha anabaki na orodha yake. Jaji alitununia, watoto walifurahi kama bahati nasibu.

MAMA CHEREHANI

Mwalimu, shikamoo. La makombe nimelimeza, maana hata mimi nilipompeleka binti niliyahesabu. La kunong'ona hapana. Alisema "samahani", alisema "mwalimu", alisema "mwenzangu". Adabu nyingine itoke wapi?

Wa Mafinga, mvulana wako wa Marekani aliwaendea majaji waliokuwa tayari kumsikiliza, tena kwa kosa lake mwenyewe. Huyu wa huku angesema nini? Kwamba mwalimu wake, aliyekaa hatua tatu kutoka pale, ndiye aliyempa? Wakati wa kutoka nilimwona getini. Alilibeba begi mkononi kama ndoo ya maji, hakulitia mgongoni.

Ndoo ya Iringa nimeichukua, nimeipeleka kwenye kamati ya wazazi.

Halafu kuna habari mpya. Leo mchana mwalimu wa darasa kanipigia. Shule mwenyeji wamekataa kurudia, eti ratiba imebana, ila wamemtumia binti begi kama lile "kwa ushiriki wake mzuri". Limeletwa na bodaboda, lipo hapa juu ya cherehani na nailoni yake. Binti ametoka shule, akaliona, akauliza limetoka wapi. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo wanajua," akaenda kuchota maji.

Nilirudishe, au nimwachie aamue mwenyewe?