Tupeane uzoefu: Uliwahi kurudi mji wa kale wa Ulaya kwa saa chache, ukisubiri kuunganisha ndege?

Habari za siku wadau. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Dar kwenda Toronto, nikapata saa 9 Amsterdam. Mji ule nilisoma mwaka mzima, 2009, na kila asubuhi nilipita kando ya mfereji wa Prinsengracht kwa baiskeli huku nimeinamisha kichwa kwa baridi. Viza ya Schengen ninayo (bila hiyo, sisi wa pasi ya Tanzania hatutoki uwanjani), nikapanda treni pale uwanja wa ndege wa Schiphol, kama robo saa nipo mjini.

Safari hii nilitembea taratibu nikitazama juu. Jamani! Karibu kila nyumba ya zamani ina boriti iliyochomoza kileleni, na kwenye boriti kuna kulabu ya chuma. Ngazi za ndani ni nyembamba, kabati halipiti, hivyo mizigo huvutwa kwa kamba kwa nje na kuingizwa dirishani. Kuta nyingi za mbele zimeinamia barabarani kwa makusudi, mzigo usigonge vioo. Mwaka mzima nilidhani ni uchakavu!

Ardhi yenyewe ni tope, kwa hiyo nyumba zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa chini. Jumba la kifalme pale uwanja wa Dam, katikati ya mji, lina nguzo 13,659. Mimi nimekulia nyumba ya boriti za mikoko darini, nikasimama pale nikimuwaza babu. Angeipenda sana kazi ile.

Nyumba ya Anne Frank, yule binti Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita akiandika shajara, sikuingia, tiketi huuzwa mtandaoni tu na zilikuwa zimeisha. Nitarudi kwa ajili yake.

Nanyi mliorudi, mlikwenda kuona nini? Karibuni.

Mtu wa Malindi:
Mie ni Lisbon. Mara ya kwanza shemeji alinizungusha madukani siku nzima. Mara ya pili nilikuwa na saa chache tu, nikaenda moja kwa moja Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, karibu na mlango. Amechongwa kwa jiwe, amelala, viganja vimekutana kifuani. Sisi utotoni tulikuwa tukikimbizana kwenye ile nguzo yake kwetu. Alifika Malindi 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na hadi leo wanahistoria hawajaafikiana rubani yule alikuwa nani. Watu walikuwa wakipiga picha, mie nikamsomea Fatiha rubani.

Msafiri mpya:
Mkuu, mimi nitakuwa na saa 7 Amsterdam mwezi wa 12. Nitoke?

Mwanzisha mada:
Toka, ila jibane. Ukitoa foleni ya uhamiaji, treni na ukaguzi wa kurudi, mjini utabaki na saa 3 hivi. Begi kubwa likisajiliwa hadi mwisho wa safari hulioni, dogo weka kwenye makabati ya kulipia pale uwanjani. Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi, hivyo ukitua alfajiri utakuta giza. Usisubiri kupambazuke. Nenda ukingoni mwa mfereji wakati watu wanawasha taa majumbani, uone madirisha yale marefu yanavyotikisika majini.